Wewe ni ‘Volunteer’ ama Unatumika Tu?

Litein hapa neno ‘volunteer’ huwezi kulikwepa. Liko kwenye CV ya beshte yako, kwenye tangazo la kazi lililobandikwa ukutani, na kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa wakitafuta vijana wa kupanga viti. Lakini je, wote wanamaanisha kitu kimoja?

Kiingereza kililitoa kwa Kilatini, ‘voluntas’, yaani hiari. Karne ya 17 lilitumika sana kwa mtu aliyeingia jeshini bila kushurutishwa. Hata akilipwa, bado aliitwa ‘volunteer’. Kwa hivyo shika hii: mzizi wa neno ni hiari, si bure.

Hata shambani liko. Viazi vilivyosahaulika udongoni msimu uliopita vikichipuka vyenyewe, Waingereza huviita ‘volunteer’. Sisi tunaviita maotea. Hakuna aliyevipanda.

Sasa angalia Kiswahili: kujitolea. Hiyo ‘ji’ ndiyo yenye kazi. Kwa Kiingereza mamako anaweza kusema ‘I volunteered her’, akimaanisha amekuweka kwa orodha ya kuosha sufuria za harusi bila kukuuliza. Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili uone. Huwezi kujitolewa na mtu mwingine.

Na kwa sentensi, usiandike ‘I am volunteer’. Ni ‘I am a volunteer’ ama ‘I volunteer’. Kisha taja ulichofanya: ulifundisha nani, wapi, miezi mingapi.

Neno hili linagusa mfuko pia. Kwa miaka, wahudumu wanaotembea nyumba kwa nyumba kuangalia afya zetu waliitwa Community Health Volunteers. Septemba 2023, serikali ilizindua 100,000 kwa jina jipya, Community Health Promoters, na posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Mwezi uliofuata, sherehe za Mashujaa Dei zikaja hapa kwetu Kericho, mada ikiwa afya kwa wote. ‘Volunteer’ lilikuwa limeshatolewa kwa jina lao. Posho si kubwa, lakini angalau kazi ilianza kuitwa kazi.

Kwa hivyo ukiitwa ‘volunteer’ mahali, uliza maswali matatu kabla ya kukubali. Naweza kukataa bila kuadhibiwa? Nauli na chakula ni juu ya nani? Inaisha lini, na nitapewa barua? Kama unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi na moja, Jumatatu hadi Ijumaa, na bosi anakukata jicho ukichelewa, hiyo ni ajira isiyo na mshahara.

Kufundisha watoto wa mtaa Jumamosi ama kufagia soko na wenzako ni kitu kingine. Hapo umeenda mwenyewe. Enda, na uiandike kwa CV bila aibu.