Nyenje Hakimbii Soketi

Swali ni lile lile, ila siku hizi linakuja na ushahidi: "Daktari, si mlisema wenyewe kwamba nyenje humkwepa popo kwa kusikia sauti yake? Sasa kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, chenye mlio tusiousikia sisi, mnakipingia nini?" Nusu ya kwanza ya swali ni kweli tupu, na wauzaji wanaijua.

Nyenje ana masikio kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Dume huimba kwa kusugua mabawa, na kwa nyenje wengi wa shambani wimbo huo uko kwenye kilohezi 4 hadi 5. Mwaka 1913 Johann Regen alimsikilizisha jike wimbo wa dume kwa njia ya simu. Jike akaiendea simu. Popo naye husaka kwa milio ambayo mingi inapita kilohezi 20, juu ya uwezo wa masikio yetu. Mwaka 1978 Moiseff, Pollack na Hoy walimning'iniza nyenje akiwa anapiga mabawa, wakampigia sauti mbalimbali. Kwa kilohezi 5 alipinda kuielekea sauti. Kwa milio ya kipopo alipinda kuikimbia. Baadaye, mwaka 1996, ikaonekana kwamba mpaka wake uko karibu na kilohezi 16, na hakuna cha katikati: ni mwenzi au ni adui.

Wauzaji huishia hapo. Wangesoma kidogo zaidi wangekutana na Nolen na Hoy, mwaka 1984. Hao waligundua kwamba seli moja ya neva kila upande wa mwili inatosha kumkwepesha nyenje. Ichochee, atapinda hata pasipo sauti. Izime, hapindi hata mlio ukipigwa. Lakini sharti ni moja: awe anaruka kwa mabawa. Akiwa chini, seli hiyo hiyo ikichochewa vivyo hivyo, hakwepi.

Nyenje wako anaruka wapi? Yuko nyuma ya kabati, anatembea. Na hata angekuwa hewani, kukwepa ni kukata kona mara moja, si kuhama nyumba. Tena sauti za kifaa hicho hufifia upesi hewani. Ukuta huzizuia, pazia na godoro huzimeza, kwa hiyo nyuma ya kabati hafikiwi na kitu. Popo halisi hutoa milio mifupi akapita zake. Kifaa chako hulia pale pale usiku kucha, na mlio usioleta madhara mdudu huuzoea. Ile taa ya kijani ya kifaa inawaka, nakubali. Nchini Marekani, mwaka 2001, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivi, ikiwaonya kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Na kabla hujaniuliza kuhusu mbu: mapitio ya mwaka 2007 ya majaribio 10 hayakuona vifaa vya mlio vikipunguza kuumwa hata kidogo. Chomoa, ufunge chandarua.

Haya, la kufanya. Taa nyeupe ya barazani huwaita nyenje. Weka ya manjano au izime. Ziba mwanya chini ya mlango. Kuni, matofali na majani yaliyorundikana ukutani yasogeze mbali, nyasi zifyekwe. Anayekukosesha usingizi ni dume, mara nyingi mmoja tu: msogelee anapoimba, akinyamaza simama, maana nyayo zako anazihisi, akianza tena, songa. Ukifika karibu washa tochi, mfunike kwa kikombe, telezesha karatasi chini yake, kamtupe nje mbali na ukuta. Hutaki kuwinda, tandaza mitego ya gundi kandokando ya kuta, watoto na kuku wasifike.