Haki ya Abiria Kusema

Tarehe 1 Februari 2004 serikali ya Kenya, kwa amri ya waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ilianza kushurutisha kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, iwe na mkanda katika kila kiti na mstari wa manjano ubavuni, na dereva na utingo wake wavae sare. Adabu ilionekana barabarani, na wengi wakashukuru. Lakini miaka haikupita mingi kabla vidhibiti vile havijaanza kuchezewa kwa siri, kwani askari hawezi kusimama kila kona ya njia iendayo Mombasa, wala kila mteremko wa njia iendayo Nakuru.

Mwendo wa kasi una hesabu yake isiyosamehe. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja tu, yaani kabla dereva aliyeshtuka hajaufikisha mguu wake kwenye breki. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, masafa ya kusimama tangu breki ikanyagwe hayazidi mara mbili bali mara nne. Dereva mzoefu aghalabu anayajua hayo kwa tajiriba, ila mwenye gari anamngoja jioni na hesabu yake ya kila siku, ambayo haipungui kwa mvua wala kwa foleni, na kila safari anayoiwahi ni riziki ya watoto wake. Kwa hiyo sioni insafu kumlaumu yeye peke yake, tukamwacha tajiri aliyempangia hesabu hiyo.

Na sisi abiria je? Tumezoea kukaa kimya, huyu akivuta uradi na yule akishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kisha baada ya msiba husema ni kadari. Ilhali kumpita mwenzio kwenye kona usiyoona mbele yake ni tendo la hiari, na lililo la hiari huzuilika.

Hilo lilithibitishwa Kenya kwenyewe, karibu na mwaka 2008, na wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, waliozichukua matatu zaidi ya elfu mbili za safari ndefu, wakazigawa kwa nasibu, na nusu yake wakazibandika ndani vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayehatarisha maisha yao. Ili vibandiko visibanduliwe, madereva waliovihifadhi waliingizwa katika bahati nasibu ya fedha. Madai ya bima ya magari yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu au zaidi, jambo ambalo sheria nyingi za gharama kubwa hazijalifikia. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa kwa jina la Zusha.

Kibandiko hakimfundishi abiria hofu, maana hofu anayo tangu stendi, bali humpa idhini ya kusema. Mtu mmoja akisema, "Dereva, punguza mwendo, tuna watoto humu," mara nyingi mwingine humuunga mkono, na utingo aliyezoea kumjibu mmoja kwa ufidhuli hana jawabu kwa watu kumi na wanne walionena kwa kauli moja.