Je, Wajua? Waziri wa Fedha kutoka jamii ya wachache

Azimio la Arusha lilipotaifisha mabenki mwaka 1967, Waziri wa Fedha alikuwa Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Asia, mzaliwa wa Mwanza.

Wizara aliipata kwa njia ya ajabu kidogo. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, TANU ilipambanisha watu wake wawili katika majimbo mengi: mmoja alama ya jembe, mwenzake nyumba. Jamal akashinda Morogoro. Paul Bomani, Waziri wa Fedha aliyejijengea jina kwa ushirika wa wakulima wa pamba Usukumani, akabwagwa Mwanza, na wizara yake ikaenda kwa Jamal!

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, mengi ya Waasia. Jamal alikuwa bado waziri.