Kifuniko cha Dashibodi Kisichofungika

Gari kuukuu la chama, kama vile Peugeot 504 ambayo ilianza kuundwa mwaka 1968, mara nyingi hubeba stakabadhi za mazao katika kisanduku cha dashibodi. Kifuniko kikifunguka njiani, stakabadhi hudondoka na kupotea, na mwanachama hukosa ushahidi wa mazao yake. Kukifunga kwa kamba si dawa.

Kwanza, bawaba zikaguliwe. Skrubu zake zikilegea, kifuniko hushuka, na ulimi wa kitasa haulipati tena tundu lake. Zikazwe kabla ya kugusa kitu kingine.

Pili, ulimi upakwe chaki, kisha kifuniko kifungwe. Alama itakayobaki kwenye bamba itaonyesha mahali ulimi unapogonga. Bamba hilo lilegezwe, lisogezwe kidogo kwa kufuata alama, kisha likazwe.

Tatu, springi ya kitasa isafishwe vumbi na kutiwa mafuta kidogo. Iliyokatika ibadilishwe.

Mwisho, gari lijaribiwe katika barabara ya mashimo kabla ya stakabadhi kurudishwa. Hata kifuniko kikishika imara, katibu ahakikishe kwamba fedha za chama hazilali humo.