Ufiwa na Kazi Mpya

Mtu anayefiwa na mwenza aliyekuwa akiilisha nyumba hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, yaani huzuni ya kumkosa marehemu na haja ya kushika kazi ambayo hakuwahi kuifanya, lakini desturi za msiba nchini Tanzania zimejengwa zaidi kwa ajili ya mzigo wa kwanza. Watu hukaa matanga, hutoa rambirambi na hulala msibani, kisha baada ya arobaini kila mmoja hurudi kwake, na hapo ndipo mfiwa huanza kujiuliza ada ya shule itatoka wapi.

Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walitoa nadharia inayoweza kuitwa ya michakato miwili. Mchakato mmoja humwelekeza mfiwa kwa aliyepotea, kwa kulia, kukumbuka na kuzungumza habari zake. Mwingine humwelekeza kwenye maisha yaliyobadilika, yenye majukumu mapya na kazi mpya. Mfiwa huenda na kurudi baina ya yote miwili, pengine ndani ya siku moja, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kustahimili. Mjane anayejifunza ushonaji asubuhi na kulia jioni, basi, hajamsahau mumewe wala hajashindwa na masomo. Jambo hili lafaa kusisitizwa, kwa sababu wengi bado hungoja huzuni ipite katika hatua tano za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, ilhali kitabu chake cha mwaka 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa. Hata eda ya mjane wa Kiislamu, ya miezi minne na siku kumi, ina nafasi ya pande zote mbili, kwa kuwa mafakihi wengi humruhusu kutoka mchana kwa haja ya riziki.

Msaada wa kazi huanzia kwenye karatasi. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa usajili. Muhtasari wa kikao cha ukoo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Na iwapo marehemu alikuwa mwanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF au PSSSF, warithi hudai mafao yao huko. Hatua hizi huchosha, hasa kwa mtu asiyelala usiku, lakini anayeziruka huuza shamba au vifaa vya kazi kwa bei ya dhiki, na mtaji wa kazi mpya hupotea kabla haijaanza.

Baada ya hapo swali kubwa ni ujuzi. Mwanamke aliyemsaidia mumewe gereji au kwenye mgahawa kwa miaka mingi mara nyingi husema hajui kazi yoyote, na hapo anajidhulumu. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, hivyo mtu anaweza kupata cheti bila kuanza upya. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake walio katika vikundi. Kikundi chenyewe kina thamani kupita mkopo, kwa kuwa wenzake watamuulizia mfiwa asipoonekana.

Hata kwa msaada huo, huzuni ikidumu zaidi ya miezi sita kwa ukali unaomzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi, hiyo ni hali ambayo Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika orodha yake ya magonjwa, nayo huhitaji mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kwa aliyeajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 4 zenye malipo anapofiwa na mwenza. Siku hizo hutosha kuzika tu. Kwa mzigo wa pili, kamati ya msiba ingeweza kuweka kando sehemu ya rambirambi na kumkabidhi mfiwa mwezi wa sita baada ya msiba, anapokwenda kulipa ada ya mafunzo.