Spika nyingi, amplifaya moja: Hatari iliyojificha

WENYE nyumba wa maeneo ya pwani kama Makurunge, wilayani Bagamoyo, wanaotaka muziki usikike sebuleni, vyumbani na uani, hawana budi kutambua kuwa kuongeza spika si sawa na kuongeza taa.

Kila spika ina ukinzani wa umeme unaopimwa kwa omu, na nyingi za majumbani huwa na omu 8. Mbili zikiungwa sambamba, ukinzani hushuka hadi omu 4. Zikiwa nne, hadi omu 2. Amplifaya nyingi za nyumbani hazihimili hali hiyo: hupata joto kali, hujizima au huungua.

Njia salama ni kutumia kigawa sauti chenye kulinda ukinzani, au amplifaya yenye njia ya pekee kwa kila chumba. Kwa bustani iliyo mbali, mfumo wa volti 100 hupunguza nguvu inayopotea katika waya mrefu.

Aidha, hewa ya chumvi hula chuma. Spika za nje ziwe za kustahimili maji, na skrubu zake zisishike kutu.

Ukiwa nje, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Hivyo spika ndogo kadhaa zilizo karibu na wasikilizaji ni bora kuliko moja kubwa inayofika kwa jirani. Kelele zinadhibitiwa na kanuni za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.