Mzee Majuto bado anatuvunja mbavu, mshiko anakula nani?

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Tanga kumuuguza shangazi yangu. Hata Chalinze hatujafika, konda akawasha televisheni ya kule mbele. Nani akatokea? Mzee Majuto! Basi bwana, kufumba na kufumbua gari zima lilikuwa hoi. Mama mmoja aliyekuwa amelala fofofo tangu Mbezi aliamka akacheka hata kabla hajajua kinachochekwa.

Na mimi nilicheka, nisiwe mnafiki. Lakini tulipokaribia Segera kicheko kikanikauka. Yule mzee alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018. Mwenye basi amepata nauli zake, muuza video alishapata chake, aliyeitengeneza naye alishapata chake siku nyingi. Aliyetuvunja mbavu je?

Swali hilo linaniuma kwa sababu na mimi, msomaji wangu, ni mwigizaji. Usicheke! Sijasema staa. Mimi ni yule hausigeli anayeleta chai sebuleni, anatukanwa na mama mwenye nyumba, anaondoka na sinia lake. Ukipiga chafya tu umenikosa.

MZEE WA TANGA

Kwa wale waliozaliwa juzi, Mzee Majuto jina lake hasa ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza angali mtoto, enzi ambazo televisheni huku kwetu haikuwepo hata ya dawa. Zanzibar waliipata mwaka 1974, sisi wa Bara tukakodoa macho mpaka 1994, stesheni za watu binafsi kama ITV zilipoingia. Kabla ya hapo mwigizaji alikuwa na sehemu mbili tu za kuonyesha ufundi wake: jukwaani au redioni.

Jukwaani hesabu haina longolongo. Watu wanalipa mlangoni, onyesho linakwisha, mnagawana. Wakija wengi mnakula kuku, wakija wachache mnarudi nyumbani kwa mguu. Lakini kila ukicheza upya, unalipwa upya.

Halafu zikaja kanda za video, zikafuata CD na DVD, leo ni mtandaoni na ving'amuzi. Vijana kama marehemu Steven Kanumba walianzia kwenye makundi ya televisheni, yeye akiwa Kaole pale ITV, ndipo wakahamia kwenye filamu. Mzee Majuto alikuwa ametoka mbali zaidi, na kila mlango uliofunguka aliingia. Ila hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Kwenye filamu unacheza mara moja, unalipwa mara moja, halafu sura yako inaendelea kufanya kazi miaka nenda rudi wakati wewe umekaa nyumbani.

Mwaka 2018 alipougua na kupelekwa India kutibiwa, ndipo watu wakaanza kuulizana: mzee mwenye kazi zote hizi, inakuwaje? Waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mikataba ya mzee wetu ikawa mfano uliotajwa kila kona. Jambo jema, sikatai. Lakini mgonjwa alikuwa tayari kitandani.

Msidhani ni sisi peke yetu. Majirani zetu Kenya walikuwa na Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yule aliyekuwa akiongea Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo mpaka watu wakaapa ni Mjaluo wa kuzaliwa. Kumbe jina lake ni Benson Wanjau, Mkikuyu! Huo ndio uigizaji, si mchezo. Alidumu kwenye televisheni ya taifa kwa miaka mingi, lakini macho yalipomsumbua uzeeni ilibidi wananchi wachangishane atibiwe. Alifariki Julai 2015.

NILIVYOSAINI JUU YA BONETI

Sasa nirudi kwangu. Baada ya kumaliza Form Four nilijiunga na kikundi cha maigizo mtaani kwetu Temeke. Tulikuwa tunafanya mazoezi kila jioni kwenye darasa la shule ya msingi, tukifukuzwa tunahamia chini ya mwembe. Siku moja akaja kaka mmoja mwenye kamera, anatafuta wa kucheza tamthilia. Akanitazama akasema, "Mdogo wangu, wewe una sura ya hausigeli."

Nilifurahi! Hebu fikiria, mtu anakuambia hivyo na wewe unafurahi.

Tulikubaliana shilingi laki moja na nusu kwa siku zote. Siku ya kwanza, gari zinaunguruma, taa zimeshawashwa, akatoa karatasi tatu akaziweka juu ya boneti ya Noah. "Saini hapa na hapa, dada, tunachelewa jua." Nikasaini. Ningesoma saa ngapi, na mwenzangu wa nyuma ananisukuma apate nafasi?

Siku zenyewe zikawa nane. Tulikuwa tunafika saa kumi na mbili asubuhi, tunatoka usiku daladala zimeshapungua. Mwisho nikapewa elfu sitini, nyingine nikaambiwa "inakuja". Mpaka leo iko njiani, sijui imepanda treni gani. Miezi michache baadaye rafiki yangu akanionyesha kwenye simu: nimo kwenye tangazo la biashara, nimeshika sinia, natabasamu. Nilipopiga kuuliza, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Dada, soma karatasi uliyosaini." Nayo karatasi sikuwa nayo. Zote tatu walibaki nazo wao.

DAFTARI LA SHANGAZI

Nilipofika Tanga nikamsimulia shangazi. Alikuwa anaumwa mgongo, lakini mdomo ulikuwa mzima. Shangazi anauza khanga, na chini ya mto wake kuna daftari lililochakaa. Akalitoa.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi hata doti moja siitoi hapa bila kuandika nani kachukua, shilingi ngapi, atalipa lini. Wewe unauza sura uliyopewa na Mungu, tena moja tu, bila daftari?"

Nikanywea.

Maana sheria ipo jamani. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na ndiyo iliyoizaa COSOTA. Sheria hiyo inamtambua hata mwigizaji, si mtunzi peke yake. Mtu hana ruhusa ya kurekodi onyesho lako na kuliuza bila ridhaa yako. Tatizo ni kwamba ridhaa tunaitoa wenyewe kwa mkono wetu, juu ya boneti, jua likizama. Ukishasaini kwamba umeuza vyote, utamlilia nani?

Kwa hiyo mimi sasa nina daftari. Kabla sijakubali kazi, nauliza na kuandika: ni siku ngapi, na zikizidi inakuwaje? Nalipwa kiasi gani, na lini? Nauli na chakula ni juu ya nani? Picha zitaonyeshwa wapi, kwenye televisheni tu, au na mtandaoni? Wakitaka kunitumia kwenye tangazo tunaongea upya? Na la mwisho, nakala yangu iko wapi?

Najua mtasema, "Wewe hausigeli wa sekunde tano, nani atakusikiliza?" Kweli kabisa. Ukiuliza sana unaambiwa wenzako wako foleni, na wako kweli. Ndiyo maana mmoja mmoja hatutaweza. Pale kikundini tumekubaliana: hakuna anayesaini siku ya kurekodi. Karatasi inakuja siku tatu kabla, tunaisoma wote chini ya mwembe, na tunaye mwenzetu aliyesoma sheria mwaka mmoja kabla ada haijamshinda. Si wakili, lakini anasoma mistari midogo.

Wiki iliyopita wakaja watu wengine wanatafuta hausigeli (ama kweli sura hii!). Nikawaambia naomba karatasi nikaisome nyumbani. Yule bwana akanitazama kama nimemuomba figo. Akasema, "Tutakupigia."

Wenzangu wawili wamenicheka, mmoja amenuna kwa sababu anaona nimemfukuzia bahati. Inawezekana. Kodi ya chumba inaisha mwisho wa mwezi na mimi si mtoto wa kigogo. Lakini kila nikikumbuka lile basi, watu wamejishika mbavu na mwenyewe hayupo, naona afadhali nikose kazi moja.

Simu yangu nimeichaji, sauti nimeifungua mpaka mwisho. Akipiga, nitawaambia.